Siku Bi Mwanaidi Alipopanda Mashua ya Mwanawe

Tangu nilipoiweka nyundo chini, majirani huniuliza nashindaje. Nashinda vizuri. Asubuhi nakunywa uji wangu, nasikiliza vijana wakigonga huko ufukweni, na wakigonga vibaya najitahidi kunyamaza, ingawa mke wangu anasema sijitahidi vya kutosha. Lakini kuna jambo moja ambalo sitapata raha nikilinyamazia, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Naandika kwa ajili yenu mnaoifanya kazi ya kalafati sasa, na hasa kwa ajili ya siku ile mzazi atakapokuja ufukweni amemshika mtoto mkono, akasema, "Fundi, nimekuletea huyu." Siku hiyo ni ngumu kuliko kazi yenyewe.

Kwa asiyejua, kalafati ni kuziba nafasi zilizo baina ya ubao na ubao wa chombo ili maji yasiingie. Unasokota pamba, unaichovya katika sifa, mafuta yale ya maini ya papa ambayo harufu yake hufika nyumbani kabla yako, kisha unaishindilia kwa nyundo ya mti na chembeu, yaani patasi isiyo na makali. Mwisho unapaka deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Ndiyo kazi yote. Mtu huielewa kwa kuitazama asubuhi moja, halafu humchukua miaka kuiweza.

Mimi baba yangu alinileta Kiegeani kwa miguu kutoka Kanga, nikiwa mtoto ambaye ndevu bado anaziota ndotoni. Njia nzima hakusema kitu ila kuniuliza kama nina kiu. Tulimkuta Fundi Khatibu amekaa chini ya ubavu wa jahazi, kilemba kichwani, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Baba akamwamkia, akaeleza haja yake. Fundi Khatibu hakuitazama mikono yangu kama nilivyotarajia. Alinigeuza kichwa akanitazama masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayenunua mbuzi. Halafu akagonga ubao mahali pawili.

"Wapi pamejaa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Umejuaje?"

"Pale pengine panaitika."

"Mwache hapa," akamwambia baba. "Akitoroka nitakuletea habari."

Hiyo ndiyo siri ya kazi yetu, na naisema wazi ili msiseme niliificha. Kalafati ni kazi ya sikio. Ukianza kushindilia, nyundo inatoa sauti nzito. Pamba inapojaa, sauti inapanda na kuwa kavu. Ikishakuwa kavu, acha. Usiongeze hata kidogo. Mbao zikiingia majini hunywa maji zikafura, na pamba nayo hufura. Ukiwa umeacha nafasi, vitu hivyo viwili vinakamatana na chombo kinakuwa kimoja. Ukiwa umezidisha, vinasukumana, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, misumari inang'oka na ubao unaachana na mbavu za chombo. Chombo kilichotiwa pamba kidogo kitavuja, utafua maji, yaani utayateka na kuyamwaga nje, ufike. Kilichozidishwa kitafunguka.

Fundi Khatibu alikuwa na desturi ambayo aliikuta kwa fundi wake, na sijaiona ufukwe mwingine. Mwanafunzi akiisha kujifunza, hupewa chombo kimoja akitie kalafati peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa mshono wake. Siku ya kukishua, yaani kukiteremsha majini, wa kwanza kupanda ni mzazi aliyemleta. Hukaa chini, kwenye sakafu ya chombo, kikiwa kimetiwa nanga mahali pa kina, mpaka mbao zinywe maji zishibe. Wakirudi pwani, fundi humpa mzazi chembeu mpya, naye humkabidhi mwanawe mbele ya watu. Kuanzia hapo kazi imemfunga. Akiiacha ni aibu ya nyumba mbili, ya kwao na ya fundi.

Niliwahi kumuuliza Fundi Khatibu maana ya kumpandisha mzazi. Akanijibu, "Yeye ndiye aliyechagua. Basi akakae ndani ya alichokichagua." Baba yangu siku yangu alipanda, akajilaza, akalala usingizi, na juu ya hayo akakoroma. Fundi Khatibu alifurahi sana. Mimi niliona haya, maana watu wote wa Kiegeani walimsikia.

Baadaye nilibaki kwa Fundi Khatibu kama mkono wake wa kulia, na hapo niliwaona wazazi wa kila namna. Wakati ule Wadachi walikuwa wamekwisha kukaa Chole, minazi inapandwa kila upande, na mbata zinataka vyombo vya kuzipeleka Dari es Salama na Unguja. Ufukwe ulijaa kazi, na penye kazi nyingi wazazi hawakosekani. Alikuja mmoja akisema, "Huyu chuoni hashiki hata alifu, mpe nyundo," kana kwamba nyundo iliumbwa kwa wasioshika. Alikuja bwana mmoja wa ukoo wa Kimanga, mwenye shamba kubwa, akamleta mwanawe kwa adhabu, apigwe jua mpaka ashike adabu. Kijana yule akaipenda kazi kweli kweli, na baba yake akaja kumwondoa kwa hasira. Sikuona mzazi hata mmoja aliyemwuliza mtoto neno. Na mimi sikushangaa, kwani nani aliyeniuliza mimi?

Mpaka alipokuja Bi Mwanaidi.

Alikuwa mjane wa hapo hapo Kiegeani, msukaji wa misala ya kusalia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamuru. Mumewe, Faki, alikufa maji katika mashua iliyovuja, akirudi na mzigo wa nazi. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Abdala, kijana aliyekwisha kubaleghe, mtulivu, mwenye kutii mpaka unamwonea huruma. Bi Mwanaidi alimsimamisha mbele yetu akasema, "Baba yake kauawa na kalafati mbovu. Huyu nataka aijue nzuri. Atakaa pwani, hatakwenda baharini, na vyombo vya watu vitafika salama."

Ni maneno ya mtu aliyefikiri usiku mwingi, na yalikuwa na upendo ndani yake. Fundi Khatibu alimtazama Abdala masikio, akagonga, akauliza. Kijana akajibu sawasawa. Alikuwa na sikio zuri kuliko langu.

Basi Abdala akajifunza. Alichambua pamba vizuri, akasokota vizuri, hakuchelewa ila siku chache, na siku hizo alikuja na udongo kwenye kucha. Nilipomuuliza, aliniambia alipitia Miburani kutazama watu wanaochimba kisima. Nikamwambia kisima hakihitaji mtazamaji. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akaanza kunieleza jinsi mchanga unavyobadilika rangi kabla ya maji. Nikamkatiza, kazi ilikuwa nyingi.

Akapewa chombo chake, mashua ndogo ya mvuvi mmoja wa pale. Ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Nilikuwa upande wa pili wa ufukwe, nami nikaisikia nyundo yake. Ikawa nzito, ikapanda, ikawa kavu, nami nikasema moyoni, sawa, hapo. Nyundo haikuacha. Iliendelea kugonga kavu, kavu, kavu, hata meno yakaniuma. Nikamfuata.

"Abdala, hujasikia?"

"Nimesikia, fundi."

"Sasa mbona huachi?"

Alikuwa amepiga magoti, jasho linamtiririka. Alisema polepole, bila kunitazama, "Nikiacha pale namsikia baba."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Khatibu nikamweleza. Kwa miaka ile masikio yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na nyundo, alikuwa akisikia kwa macho tu. Alikwenda akaitazama mishono, imenyooka, imejaa, hakuna mahali nyuzi zimechomoza. Akasema, "Kazi safi." Nikamwambia imezidi. Akasema, "Unataka niuguse mshono wa mtoto wa watu kabla ya siku yake? Mzazi wake ndiye atakayepanda. Mwambie mzazi wake."

Nikamwambia. Nilimkuta barazani anasuka, ukili umemzunguka miguuni. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, na yale aliyoyasema mwanawe kuhusu baba yake. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Amezidisha pamba," akasema.

"Amezidisha kwa hofu, Bi Mwanaidi. Kila ubao anaona mtu anazama. Ana sikio, ana mkono, lakini kazi hii itamuua, au itaua wengine. Mwondoe kabla hajafungwa."

"Wewe, Fundi Shomari, una mtoto?"

Wakati huo nilikuwa sina. Nikasema sina.

"Basi ukipata, utakuja kunifundisha." Akaukata ukili kwa meno. "Mimi nitapanda. Mwanangu hawezi kuniua."

Niliondoka pale nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, na Fundi Khatibu, na desturi yenyewe. Nikarudi kwa Fundi Khatibu nikamwambia kama mashua ile inashuliwa, mimi nitakuwemo. Akanitazama sana. "Ingia," akasema, "na uchukue upo wa kufulia maji."

Siku ikafika. Maji yalijaa asubuhi, jua kali, ufukwe umejaa watu. Bi Mwanaidi alikuja amevaa leso mpya. Tangu mumewe afe hakuwa ameingia katika chombo chochote, na nilipomshika mkono kumpandisha, kiganja chake kilikuwa baridi. Alikaa kitako kwenye sakafu, mgongo wima. Abdala akaingia na chembeu yake na nyundo. Tukapiga makasia mpaka mahali ambapo maji yanampita mtu kimo, tukatia nanga, tukangoja.

Kwanza hakukuwa na kitu. Sakafu kavu. Kwa kawaida chombo kipya huingiza maji kidogo mwanzoni mpaka mbao zifure, na ukavu ule ulinitia hofu kuliko maji. Bi Mwanaidi alipapasa ubao chini yake, akanionyesha kiganja.

"Unaona, fundi? Hata jasho."

Abdala alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio. Nikajua anasikiliza kile ninachosikiliza mimi. Mbao zilikuwa zikinywa maji, zinalia kidogo kidogo.

Msumari wa kwanza uling'oka kwa mlio mdogo, kama mtu aliyegonga ulimi kinywani. Wa pili ukafuata. Kisha upande wa kulia, chini karibu na mkuku, ule mti ulio uti wa chombo, ubao ukaachana na ubavu wa mashua, na maji yakaingia kwa mstari mrefu, meupe, bila kelele.

"Fua!" nikapiga kelele, ingawa upo nilikuwa nao mwenyewe. Nikaanza kufua. Bi Mwanaidi hakupiga ukelele. Alivua leso yake ya juu, akaikunja, akaishindilia kwenye ufa kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, anasukuma na kusema bismillahi, bismillahi. Maji yakapungua kidogo. Kisha msumari mwingine ukalia, na ufa ukarefuka mpaka miguuni pangu.

"Mama, toa," akasema Abdala.

"Nikitoa maji yataingia!"

"Yataingia. Toa."

"Leta pamba! Abdala, leta pamba, unangoja nini?"

"Mama!" Sijawahi kumsikia kijana yule akipaza sauti, kabla ya hapo wala baadaye. "Pamba ndiyo inayotuua! Ukiongeza tumekwisha. Nimejaza mno. Toa mkono wako, nakuomba, toa!"

Alimtazama mwanawe. Maji yalikuwa yamemfika nyongani, leso iko chini ya viganja vyake, na mimi nafua kama mwehu. Naapa sikujua atafanya nini. Kisha akaichomoa leso, maji yakaruka yakampiga usoni.

Abdala akalala kifudifudi majini, akaanza kuing'oa pamba aliyoitia mwenyewe, anaivuta kwa ncha ya chembeu mafungu kwa mafungu, na kila fungu likitoka maji yanazidi. Ilikuwa kazi ya kutisha kuitazama, mtu anafungua chombo ambamo mwenyewe amo. Lakini alikuwa ametulia. Alivuta fungu, akatega sikio, akavuta jingine. Alipofika mwisho wa ufa, ubao ulipata nafasi, na nguvu ya maji ya nje ikausukuma ukarudi mahali pake kwa kishindo. Bado tulivuja, lakini kuvuja kwa kawaida. Nikakata kamba ya nanga. Nilipiga makasia, Abdala akafua, Bi Mwanaidi naye akafua kwa viganja, mpaka mashua ikagusa mchanga, maji yakiwa yamebakisha shubiri kufika ukingoni.

Watu walitunyanyua. Fundi Khatibu alikuwa amesimama pale pale, chembeu mpya mkononi, uso umempauka. Desturi ilikuwa desturi. Chombo kilikwenda, kikarudi, mzazi yu hai. Akampa Bi Mwanaidi ile chembeu.

Abdala akapiga hatua mbele ya mama yake. Akakinga mikono yote miwili, kama kijana mwema anavyokinga, macho chini. Alikuwa tayari kupokea. Angelipokea na angelifanya kazi ile mpaka kufa kwake, nina hakika, na kila chombo alichokigusa kingekuwa kimejazwa mno.

Bi Mwanaidi hakumpa. Alisimama akitiririka maji, chembeu ameishika kifuani. Nilidhani ameishiwa nguvu. Kisha akauliza, si kwa ile sauti yake ya kuamuru, "Abdala, wewe unataka kazi gani?"

Sidhani kama aliwahi kuulizwa swali lile. Aliitazama mikono yake mitupu.

"Sema, mwanangu. Sitakasirika."

"Visima, mama. Kuchimba visima."

"Visima!" Ile sauti ikarudi yote. "Nimekukimbiza maji ya juu uende ukafukiwe na mchanga chini?" Watu wengine wakacheka. Akageuka akawatazama, wakaacha. Alipomgeukia tena mwanawe, midomo yake ilicheza, akataka kuongeza neno, akalimeza. Akamrudishia Fundi Khatibu chembeu kwa mkono wa kulia.

"Kazi yako ni njema, fundi," akasema. "Ila si ya huyu."

Fundi Khatibu aliipokea, na aibu ya nyumba mbili ambayo sote tuliiogopa haikuja. Mashua tuliitia kalafati upya, mimi na yeye, na yule mvuvi mwenyewe aliivulia miaka mingi.

Tangu siku hiyo, mzazi akiniletea mtoto, kwanza nambakisha mtoto nje ya maneno yetu, namwuliza mzazi: huyu, asipotumwa na mtu, huenda wapi? Wengi hawajui, nami nawarudisha nyumbani wakamtazame mtoto wao kwanza, wengine wananuna. Mtoto naye namwuliza peke yake, mbali na mama na baba. Asipokuwa na jibu, namwacha achambue pamba apendavyo, simfungi. Fanyeni hivyo. Haigharimu kitu, na sikio la mtoto halikwambii moyo wake uko wapi. Nilikuja kupata watoto wangu, na nilikwenda kumwambia Bi Mwanaidi. Akanikaribisha uji, hakunikumbusha alichosema.

Abdala alichukuliwa na wachimbaji wa Miburani. Siku aliyoteremshwa kwa mara ya kwanza mpaka chini kabisa, Bi Mwanaidi alinipitia nyumbani asubuhi, akaniambia nimsindikize, ana neno na wachimbaji. Njia nzima hakusema ni neno gani. Tulipofika, Abdala alikuwa amekwisha kuteremka. Kamba ilikuwa imekaza mikononi mwa wachimbaji, inacheza, na kutoka chini tulisikia jembe, na mara moja moja mchanga ukimwagika.

Bi Mwanaidi alikaa kwenye ukingo wa shimo. Mchanga ukamwagika tena, mwingi zaidi, kisha jembe likanyamaza. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Fundi, nimwite?"

"Ukimwita atapanda, na hatateremka tena," nikamwambia.

Jembe lilibaki kimya, ila kamba bado ilikuwa ikicheza. Yeye akainama juu ya lile giza, akachukua ncha ya leso yake, akajiziba mdomo.